Kinanda Kidogo na Noti Isiyokuwamo

"Mwanangu, hicho kinanda chako kinaimba Kiswahili. Mimi naimba Kigogo."

Mama alisema hivyo bila hasira yoyote. Akavua hedifoni, akaziweka mezani kando ya chupa ya chai, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. Tulikuwa chumbani kwangu Nkuhungu, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, feni imezimwa isije ikasikika kwenye maikrofoni. Mwezi wa kumi, Dodoma, chini ya bati. Hali yake mnaijua.

Alikuwa ameletwa na mpwa wake, kijana anayetengeneza biti, aliyetaka sauti ya shangazi yake ikae kwenye kiitikio. Huyu mama anaimba kwenye kikundi cha ngoma ya muheme huko kwao Chamwino, na sauti yake haihitaji maikrofoni. Mimi nilimpigia njia ya wimbo kwenye kinanda kidogo ili aifuate. Akiimba peke yake, kila kitu kinakaa mahali pake. Nikimwekea kinanda masikioni, anafika sehemu ileile, anasita, anakata.

Nikashusha ufunguo. Nikapandisha. Palepale.

"Hapo," akasema, akaitoa noti moja na kuishikilia. Nikabonyeza A. Akatikisa kichwa. Nikabonyeza B flati.

"Umepita."

Sasa kati ya A na B flati hakuna kitu. Kwenye kinanda changu, chako, cha kanisani na cha studio yoyote kubwa ya Dar, vitufe hivyo viwili vimepakana ukuta kwa ukuta. Mpwa wake akacheka, akachukua ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma, aliyokuja nayo kwenye mfuko wa shuka, akagonga chuma kimoja kwa dole gumba. Noti ikatoka hapohapo alipotaka shangazi yake. Tukarekodi hivyo, sauti na ilimba, kinanda kimezimwa. Mama akamalizia chai yake, akaaga, akaenda kuwahi gari.

Noti ile ikabaki kichwani mwangu, na haikutoka.

Swali la "ninunue kipi?"

Wakati huohuo nilikuwa na deni kwenu. Haipiti wiki bila mtu kuniandikia: kaka, nataka kinanda kidogo cha MIDI, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha kuanzia nyumbani, ninunue kipi? Anayeuliza anaweza kuwa mwanafunzi wa UDOM mwenye laptopu na kitanda cha juu hosteli. Anaweza kuwa mpiga kinanda wa kwaya, Kisasa au Makole, aliyechoka kusubiri funguo za kanisa ndipo afanye mazoezi. Wengine wana simu tu.

Kwa hiyo nikaazima kwa marafiki vile vinavyoulizwa zaidi: Akai MPK Mini MK3 ya mwaka 2020, Arturia MiniLab 3 ya mwaka 2022, na Novation Launchkey Mini MK3 ya mwaka 2019. Vyote vina vitufe 25 vidogo. Vyote vilitoka vikiuzwa Marekani kwa zaidi kidogo ya dola 100, ingawa bei hiyo ikishapita Kariakoo na kupanda basi kuja huku, inakuwa bei aliyoamka nayo muuzaji.

Ulinganisho wa kawaida mnaujua. Hiki kina nobu nane za kuzungusha, kile kina nobu nane na slaida nne, kile kingine kina pedi 16. Hiki kina tundu la nyaya la MIDI lenye pini tano, kile hakina. Nilikuwa nimeshaandika karibu ukurasa mzima wa namna hiyo.

Kila nikikaa kuumalizia, nasikia "umepita."

Vidole kwanza

Nianze na linalowahusu wengi, kwa sababu si kila mtu ana shangazi wa Chamwino.

Kinanda cha MIDI kinapeleka kwenye kompyuta mambo mawili makubwa: umebonyeza noti gani, na umeibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Hiyo nguvu ni namba, kuanzia 1 hadi 127. Ukichora biti kwa kipanya kwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, namba hiyo inabaki ileile mpaka uende kuibadilisha kwa mkono, noti kwa noti, na wengi wetu hatuendi. Ndiyo maana piano nyingi za bongo fleva ya chumbani zinasikika kama kengele ya mlango. Kinachokufanya ununue kinanda ni hiyo namba, na nobu ni nyongeza.

Basi nikafanya jaribio la kitoto. Nikafungua dirisha linaloonyesha namba, nikabonyeza kitufe kimoja kuanzia kugusa kama anayeamsha mtoto hadi kupiga kabisa, nikatazama namba zinavyopanda. Vitufe vidogo vyote vina ugonjwa mmoja: safari ya kwenda chini ni fupi, kwa hiyo katikati panapotea. Unapata noti ya pole, halafu unaruka hadi noti ya kelele. Kwa mkono wangu, MiniLab ndicho kilichonitii zaidi kwenye kugusa taratibu. MPK kinataka uwe umeamua. Launchkey ni chepesi, kizuri kwa mistari ya haraka, na mtu wa singeli atakipenda. Mkono wako unaweza kusema tofauti, na usikilize mkono wako, usinisikilize mimi.

Mpiga kinanda wa kwaya ni habari nyingine kabisa.

Oktava moja ya piano kamili, yaani C hadi C inayofuata, ina upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Mkono uliokulia kwenye kinanda cha kanisa chenye vitufe 61 umeikariri hesabu hiyo bila macho. Mwekee kinanda kidogo, dole gumba linafika kabla ya wakati, kidole cha mwisho kinapitiliza, na mkono wa kushoto unaning'inia hewani kwa sababu oktava mbili zimekwisha. Kuna kitufe cha kuhamisha oktava, ndiyo, lakini huwezi kukibonyeza katikati ya besi ya pambio. Mmoja wao alikaa mbele ya vile vinanda vyangu, akapiga mistari miwili ya tenzi, akavisukuma pembeni kwa heshima.

Kwa watu hawa nina jibu ambalo wauza vinanda hawalipendi. Geuza Yamaha yako ya kwaya uangalie nyuma. Nyingi za PSR za miaka ya karibuni zina tundu la mraba la USB lililoandikwa TO HOST. Chukua waya wa printa, ule uleule wa stationeri, chomeka kwenye laptopu. Tayari una kinanda cha MIDI chenye vitufe vya saizi kamili. Kama ni lazima ununue, tafuta chenye vitufe 49, au kama meza haitoshi kabisa, kitu kama Alesis V25, ambacho vitufe vyake ni 25 lakini ni vya upana kamili.

Pedi za muheme

Tofauti iliyonishangaza ilikuwa kwenye pedi.

Muheme ni ngoma ya akina mama. Wanaibana ngoma katikati ya magoti na kuipiga kwa viganja, na utamu wake hauko kwenye mapigo makubwa. Uko kwenye yale madogo ya kupapasa yanayojaza katikati, ambayo mgeni hayasikii mpaka yakikosekana. Nilijaribu kuyapiga kwenye pedi za vinanda vyote, nikisikiliza rekodi ya kikundi chao niliyopewa na mpwa.

Pedi za MPK ni nene na zina ukoo: Akai ndiyo waliotoa MPC60 mwaka 1988, mashine ya kutengenezea biti aliyoibuni Roger Linn na ambayo hip hop nzima imelala juu yake. Zinapokea kipigo kizito vizuri sana. Ila zina kitufe kiitwacho Full Level kinachofanya kila kipigo kitoke na 127, na nimeingia kwenye vyumba vya maprodyuza kadhaa nikakuta kimewashwa na kimesahaulika. Kwenye biti ya trap sawa. Kwenye muheme ni kuua ngoma. Pedi za Launchkey ni 16, safu mbili za nane nane, nyembamba, na vidole vyangu vilikuwa vinagusa jirani. MiniLab zina pedi nane tu, zimepangwa mstari mmoja juu ya vitufe. Mwanzoni nilihesabu huo kuwa upungufu.

Umeme ukikatika

Kifupi hapa. Vinanda hivi vyote vinakula umeme wa USB, ambao kwenye tundu la kawaida la USB 2.0 hauzidi miliampia 500. TANESCO wakichukua chao, laptopu yenye betri nzima inaendelea na kazi na kinanda kinaendelea nayo. Kinanda cha kwaya hakiwezi hilo labda ukiwekee betri.

Wenye simu: Android imeitambua MIDI tangu toleo la 6, mwaka 2015. Waya wa OTG, ule wa kuchomeka USB kwenye simu, na FL Studio Mobile vinatosha kuanzia. Vipo vinanda vya bluetooth visivyotaka waya, lakini sauti huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunaudhi mpiga ngoma kuliko mtu mwingine yeyote. Kabla hujalaumu kinanda, angalia bafa ya saundi kadi yako, yaani sauti inayowekwa akiba kabla ya kutoka. Ikiwa 512, sauti inachelewa milisekunde kama 12 hapo tu. Ishushe hadi 128, inabaki kama 3. Ikianza kukwaruza, pandisha hadi 256 uishi nayo.

Senti 31

Turudi kwa mama.

Chukua zeze lenye uzi unaolia C. Gusa uzi kidogo tu katikati, unapata C ya juu yake. Gusa kwenye theluthi, unapata G. Robo, C nyingine. Ukiendelea kuugawa uzi hivyo, tano, sita, saba, nane, tisa, unapata noti ambazo hakuna mtu aliyezitunga. Ziko ndani ya uzi wenyewe. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka sana Afrika Mashariki, ni mmoja wa walioeleza kuwa mfumo wa sauti wa Wagogo unasimama juu ya noti hizo, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ukizikusanya ndani ya oktava moja zinakuwa tano.

Kinanda chenyewe kimegawa oktava sehemu 12 zilizo sawa, kila sehemu senti 100; senti hapa ni kipimo cha sauti, si pesa. Mgawo huo unakaribiana na uzi sehemu nyingi. G inapishana na uzi kwa senti 2, ambazo sikio haliulizi. E iko juu ya uzi kwa senti 14, na kwaya nzuri ikiimba bila kinanda utaisikia inajishusha yenyewe hapo. Ila noti ya saba ya uzi iko senti 31 chini ya B flati. Kwa wenzangu wa kwaya: iko juu ya la, chini ya ta, na imeegemea ta.

Ndipo aliposimama mama.

Nilipima rekodi yake baadaye. Haikukaa kwenye 31 kama msumari, sauti ya mtu inatembea. Lakini kila alipofika pale alikuwa chini ya B flati, na alipotoka alirudi palepale. Chuma cha ilimba nacho kilikuwa jirani yake kabisa.

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, walichomeka waya kati ya Prophet-600 ya kampuni ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, vinanda vya kampuni mbili zinazoshindana, vikaongea. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi walipewa Grammy ya ufundi mwaka 2013 kwa kazi hiyo, na walistahili. Lugha waliyoiweka inaita C ya katikati 60, inayofuata 61, hadi 127. Ni lugha ya vitufe. Haina 69.69.

Hapo ndipo nilipoanza kupata mashaka na makala yangu nzima. Nawezaje kumwambia kijana wa Dodoma "nunua hiki kuliko kile," wakati vyote vitatu haviwezi kupiga noti ya shangazi yake?

Kijiti, ukanda, gurudumu

Mtu wa kinanda atajibu upesi: si kuna kupinda noti?

Kuna. MIDI imegawa upindaji huo hatua 16,384, katikati ikiwa 8,192, na kwa kawaida ukivuta mpaka mwisho unasogea nusu toni mbili. Kushuka senti 31 ni kama hatua 1,270 kutoka katikati. MPK ina kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Kutafuta hatua 1,270 kwa kijiti kile ni kama kutia uzi kwenye sindano ukiwa ndani ya daladala. MiniLab na Launchkey zina ukanda wa kugusa, na ukanda ni bora zaidi, kwa sababu unaona kidole kilipo. Nilibandika kipande cha selotepu pembeni kama alama. Nilifika karibu. Ila ukiachia kidole, noti inaruka kurudi katikati, na mkono mmoja umeshakuwa mfungwa wa ukanda. Gurudumu, kama lile la V25, ndilo linaloshikika vizuri kuliko vyote, na nalo linarudi.

Lakini tatizo lenyewe haliko kwenye kijiti wala ukanda. Upindaji wa MIDI unakwenda kwa chaneli nzima. Nikiishikilia C chini na noti ya mama juu yake, nikipinda, zote mbili zinashuka. C nayo inakuwa ya uongo. Nimetengeneza noti moja na kuharibu nyingine. Kuna utaratibu mpya, MPE, uliopitishwa rasmi mwaka 2018, unaoipa kila noti chaneli yake ili kila moja ipindwe peke yake. Vinanda hivi vidogo haviufanyi.

Kwa muda niliviacha mezani bila kuvigusa. Nikafikiria kuandika kwamba muziki wa Kigogo na kinanda haviendani, tusilazimishe. Ni jibu linalosikika la heshima. Halafu nikamkumbuka Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki 2003, ambaye mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook wa Kanada, sauti yake na vyombo vyake vimekaa ndani ya magitaa na mitambo ya studio, wala hajapoteza senti hata moja. Kilichomsaidia ni kwamba hakuna aliyeiomba ilimba ifuate kinanda.

Pedi nane, mstari mmoja

Nikamwita mpwa arudi na ilimba.

Safari hii tulirekodi chuma kimoja kimoja. Gonga, subiri kilie mpaka kife, gonga kingine. Ile aliyokuwa nayo ina vyuma virefu katikati na vifupi pembeni, kwa hiyo wimbo unapanda ukienda nje, kushoto na kulia kwa zamu, dole gumba hili kisha lile. Nikachagua vinane, nikaviweka kwenye FPC, sehemu ya pedi ndani ya FL, kila chuma na pedi yake.

Kila kampuni inatoa programu ya bure ya kuamua pedi ipi ipeleke namba gani: Akai wana yao, Arturia wana MIDI Control Center, Novation wana Components. Hakuna sheria inayosema pedi ya kwanza lazima iwe noti ya chini. Nikazipanga kama ilimba: nzito katikati, nyepesi zinakwenda pembeni. Na hapo mstari mmoja wa pedi nane wa MiniLab, ule niliouona upungufu, ukawa ndio pekee uliokaa sawa chini ya mikono miwili. Pedi za MPK, safu mbili za nne nne, zinakulazimisha kufikiri ghorofa. Za Launchkey ungeweza kutumia safu moja, kama vidole vyako si vya mwashi.

Kijana alikaa, akaangalia, akaanza kupiga kwa vidole vya shahada badala ya madole gumba. Hakuuliza noti ipi iko wapi. Sikuwa nimerekebisha sauti yoyote, kwa sababu hakukuwa na cha kurekebisha. Kila chuma kimekuja na senti zake.

Besi ndiyo iliyobaki, na besi nilitaka ya sintetiza. Hapa nikatumia Surge XT, plagini ya bure inayokubali faili za kupanga noti zenye mwisho wa .scl. Faili yenyewe ni maandishi matupu. Unaandika jina, idadi ya noti, kisha sehemu: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4, na 2/1 ya kufunga oktava. Hiyo 7/4 ndiyo noti ya mama. Ukiipakia, Surge inazipanga noti tano kwenye vitufe vinavyofuatana, vyeusi na vyeupe bila ubaguzi. Kila vitufe vitano, oktava moja.

Piga hesabu.

Vitufe 25 vimekuwa karibu oktava tano. Kinanda kidogo cha hosteli kimepata upana wa kile cha kanisani, na mkono wa kushoto umerudishiwa kazi yake. Rangi za vitufe hazina maana tena, jambo linalomchanganya mpiga kinanda na halimsumbui kabisa mtu ambaye hakuwahi kufundishwa. Kijana aliizoea kabla yangu.

Sikusema imekamilika. Ilimba halisi ina vyuma visivyogongwa, vinavyolia vyenyewe vikiguswa na sauti ya wenzao, na ina utando wa buibui kwenye tundu lake unaovuma. Sampuli ya chuma kimoja inabeba kidogo tu ya hayo. Ukigonga viwili pamoja kwenye pedi, havijuani. Nimejaribu kuongeza mvumo kwa plagini, ukawa mvumo wa redio mbovu, nikautoa.

Kuna jambo jingine linanikwaza na sijalimaliza. Kijana alisema tuziuze hizo sampuli mtandaoni kama furushi. Chuma ni chake, kurekodi nimerekodi mimi. Lakini mpangilio wa noti zile, na namna ya kuzizungusha, si wake wala wangu. Nimemwambia hatuuzi mpaka tukae na shangazi yake na kikundi chao, tusikie wanasemaje, na kama ni kugawana tugawane kwa maandishi. Hakufurahi.

Nilichowajibu

Mpiga kinanda wa Makole nimemwambia asinunue. Waya wa printa, na bafa aishushe.

Mwanafunzi wa UDOM anayetengeneza trap na amapiano nimemwambia MPK, kwa ajili ya pedi, na azime Full Level. Anayefanya kazi kwenye Ableton achukue Launchkey, maana kimetengenezwa kushikana na programu hiyo na pedi zake 16 zinaendesha klipu moja kwa moja. Kijana wa ilimba amechukua MiniLab. Ile pini tano ya MIDI nyuma yake itamfaa siku akitaka kuunganisha na kinanda cha zamani kisicho na USB.

Popote unaponunua, hasa ukinunua kilichokwishatumika, nenda na laptopu yako. Bonyeza vitufe vyote 25 taratibu, kisha vyote kwa nguvu, ukitazama namba. Kitufe kinachotoa 127 hata ukikigusa kwa kucha kimekufa, hata kama kinalia.

Na kama nyumbani kwenu kuna ilimba, au marimba ya aina yoyote, nitumie. Gonga kila chuma kwa nguvu tatu: polepole, kati, kubwa. Kiache kilie mpaka mwisho usikate mkia. Usinyooshe noti kwa programu yoyote, usiongeze mwangwi. Andika kijiji ilikotengenezwa na jina la mwenyewe, ukishapata ruhusa yake. Rekodi kwa WAV, na ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unaibana hadi mvumo wote unaishia njiani.